Sweta Kwenye Kibanda cha Mbwa

Kabla ya kunipa funguo za nyumba yake, Mwalimu aliniomba sweta. Hakutaka safi. Alitaka ile niliyokuwa nimeivaa siku nyingi, yenye jasho na moshi na vumbi la barabara ya Ndabibi. Nilipomtolea ile yangu ya kijani iliyotoboka kwenye kiwiko, aliinusa, akaridhika, akaenda kuitandika ndani ya kibanda cha mbwa.

"Acha ailalie," akasema. "Akishajua harufu yako, mengine yatakuwa rahisi."

Nilicheka, tena mbele yake. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeangalia nyumba nyingi, na nilikuwa nimepewa maagizo ya kila aina: paka asiyekunywa maji mpaka yatoke bombani, samaki wanaotaka kuzimiwa taa mapema, kasuku aliyekatazwa kusikiliza taarifa ya habari kwa sababu alikuwa anaiga makelele ya wabunge. Lakini kuombwa nguo chafu ilikuwa mara ya kwanza. Siku hizi nikiikumbuka ile sweta sicheki.

Mimi sina nyumba. Nina begi moja kubwa, kompyuta na simu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiishi kwenye nyumba za watu wakiwa safarini. Wao wanaenda likizo, wanaenda mazishi, wanaenda kushika wajukuu. Mimi naingia, nalisha wanyama wao, namwagilia maua yao, nalala kwenye kitanda cha wageni. Mchana nafanya kazi yangu ya kuandika maneno yanayosemwa kwenye video za watu, kazi ambayo haijali niko wapi mradi nina umeme na mtandao. Wenyewe wakirudi, nabeba begi langu naenda kwingine. Nimekaa Nakuru mjini, Njoro, Gilgil, Naivasha, na nyumba moja karibu na Kariandusi ambako vumbi jeupe la machimbo huingia kila mahali, hata paka mweusi wa pale huonekana mzee kabla ya wakati wake.

Mama yangu hajawahi kuikubali kazi hii. Yeye anaishi Bondeni, kwenye nyumba ya kaunsili aliyoachiwa na baba yake, aliyetoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye reli. Ni chumba kimoja na jiko, na hajawahi kulala kwingine zaidi ya siku chache.

"Kwa hivyo wewe ni soja wa geti," aliniambia nilipomweleza mara ya kwanza.

"Si soja, mama. Naangalia nyumba na wanyama."

"Soja wa mapaka," akasema, na tangu siku hiyo majirani wake wakimuuliza habari zangu, hilo ndilo jibu wanalopata.

Nyumba nyingi nilizokuwa nimekaa kabla ya Ndabibi zilikuwa za watu wenye mbwa wanaolala kwenye makochi. Kule Milimani nililea wawili wenye taulo zao, vyakula vya kopo na daktari anayekuja nyumbani. Walinifundisha kupenda mbwa, hilo siwezi kukataa, kwa sababu Bondeni tulikua tukiwarushia mawe. Basi nikawa kama mtu aliyeokoka juzi, nataka kila mtu aokoke. Nikimwona mbwa amefungwa mnyororo namwonea huruma, na mwenye mnyororo namwona hana roho.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mjane, mwanamke wa maneno machache anayekutazama mpaka ujikague kama umefunga vifungo. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wamenunua kipande cha shamba la mzungu wa zamani, chini ya vilima vya Eburru, na hapo alifuga kondoo na kuku na kulima mahindi na maharagwe. Watoto wake wote walikuwa wameondoka. Binti wa mwisho alikuwa ng'ambo, anatarajia mtoto wa kwanza, na mama hawezi kukosa kwenda kumshikia mjukuu. Mchana jirani angewachunga kondoo wa Mwalimu pamoja na wake. Lakini mtu wa kulala pale hakuwepo, ndipo rafiki yake wa Njoro akampa namba yangu.

Alinikabidhi kuku kwa dakika chache na kondoo kwa nusu saa. Kunikabidhi mbwa kulimchukua wiki nzima.

Alikuwa mbwa wa kawaida, wa kahawia, kifua kipana, sikio moja limekatika ncha. Mchana alifungwa kwenye nguzo nyuma ya stoo, mahali asipoona watu wanaopita. Jioni kondoo wakishaingia zizini, Mwalimu humfungulia, na kuanzia hapo boma ni lake. Chakula chake kilikuwa ugali uliokorogwa na supu ya mifupa, ndani ya sufuria moja nyeusi, na kilitoka kwenye mkono mmoja tu. Hakuna mgeni, hakuna jirani, hakuna mjukuu aliyewahi kumpa mbwa yule hata ganda la ndizi. Kwa hiyo ilibidi mkono uhamishwe. Siku za kwanza Mwalimu alishika sufuria, mimi nikasimama kando yake. Kisha tukaishika pamoja, vidole vyetu vikigusana kwenye ukingo. Kisha nikaishika mimi, yeye akasimama kando. Siku ya mwisho alijifungia ndani akanitazama kupitia dirishani, na mbwa akala.

"Umeona?" akasema. "Sasa wewe ndiye mimi. Usimpe mtu mwingine nafasi hiyo. Usimwingize kwa nyumba. Na usimzoeshe watu, tafadhali. Mimi huishi hapa peke yangu."

"Na akilia?"

"Halii."

Alikuwa hajawahi kulia kwa sababu alikuwa hajui kuna kitu cha kulilia. Mimi ndiye niliyemwonyesha.

Nikisema nilimhurumia, nitakuwa nadanganya kidogo. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa woga wangu. Ndabibi kuna upepo unaoshuka kutoka vilimani jioni na kuchezea mabati kana kwamba kuna mtu anatembea juu yake, na fisi wa kule hawaoni haya, wanasikika hata kabla watu hawajamaliza kula. Nilikuwa nimezoea nyumba zenye majirani ukutani. Jioni moja mvua ilipoanza na umeme ukapotea, nilifungua mlango wa jikoni nikapiga mluzi, sauti mbili fupi. Mbwa alikuja mpaka kizingitini akasimama. Alinitazama, akatazama sakafu, akanitazama tena. Hakuingia. Ilibidi nimshike shingo nimvute.

Kesho yake alisimama pale pale bila kuitwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Alilala kwenye zulia dogo kando ya kitanda changu, na mimi nikalala vizuri. Halafu nikaona si haki mbwa anayelala ndani afungwe mnyororo mchana, nikamwacha huru. Halafu nikaona anamtisha mwanamume wa boda aliyekuwa akiniletea gesi na vitu vya dukani kutoka Naivasha. Huyu alikuwa na desturi ya kusimama mbali na geti, anapiga honi, anaweka mtungi chini na kuondoka mbio. Nikamwambia leo ingia, usiogope. Nikampa mandazi ampe mbwa.

"Madam, mimi na huyu hatujawahi sikizana," akasema, mkono umenyooka, mwili wote uko nyuma.

Mbwa alinitazama mimi kwanza. Aliniuliza, ndivyo ninavyoona sasa. Nami nikamwambia, "Kula, kula tu." Akala.

Siku chache baadaye boda akaja akicheka. "Haki huyu mbwa leo amenitingishia mkia! Umemfanya nini?"

"Ni mapenzi tu, boss," nikamjibu, na nilijiona mtu aliyeleta maendeleo Ndabibi. Fundi aliyekuja kutengeneza tangi akapewa mandazi ampe. Wanawake waliokuja kununua mayai wakapewa. Mbwa akajua kwamba mtu akiingia getini, mdomo unafunguliwa kwa kula.

Mwalimu alikuwa akiniuliza habari kwa simu, nami nikawa namtumia picha. Hapa ndipo ninapojikamata, kwa sababu picha zile nilizichagua. Zile za mbwa amelala chali kwenye zulia nilibaki nazo. Nilizotuma ni za mbwa akiwa amekaa nje, kifua mbele, macho makali kwa sababu nimeshika nyama nyuma ya simu. "Naona yuko kazini," aliniandikia. Nikamwandikia, "Kabisa, Mwalimu." Mtu asiyejua anakosea hachagui picha.

Aliporudi, mbwa alimrukia, akamzunguka, akalia kwa furaha mpaka nikapata nafuu moyoni. Mwalimu alimpapasa mara moja tu, kisha akaanza kukagua boma lake. Kondoo walikuwa sawa. Kuku walikuwa sawa. Alipofika kwenye kibanda cha mbwa aliinama, akachungulia.

Nilisogea nikaona alichokuwa anakiona. Buibui alikuwa amefunga mlango wa kibanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyuma ya utando huo sweta yangu ilikuwa imekunjika vilevile alivyoitandika, na vumbi juu yake.

Nilingoja aseme kitu. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kelele. Akanyoosha mgongo, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Chai iko tayari," akasema.

Tulikunywa, akanionyesha picha za mjukuu, akanishukuru, akanifungia mayai nimpelekee mama. Nilipotoka getini mbwa alinifuata. Mwalimu alimwita na hakurudi. Ilibidi aje amshike shingo amvute ndani, kama nilivyomvuta mimi siku ile ya mvua.

Simu yake ilinipata Kariandusi, kwa yule paka wa vumbi. Ilikuwa asubuhi na nilikuwa napanguza madirisha. Aliniuliza habari za mama, habari za kazi. Kisha akaniambia wezi walikuwa wameingia, wakachukua kondoo kadhaa, pamoja na jike lililokuwa karibu kuzaa. Walikata waya wa nyuma wakafanya kazi yao bila haraka. Kulipokucha alimkuta mbwa amelala mbele ya mlango wa jikoni, amebanana na ubao, na kando yake kipande cha mkate ambacho hakuwa amekimaliza.

"Hakubweka, Mwalimu?"

"Hakubweka."

Nilisema pole, nikasema pole tena.

"Wezi wako hapa miaka yote," akasema. "Wakija, mimi husikia mbwa kwanza, nawasha taa, napiga kelele, majirani wanatoka. Hivyo ndivyo nimekaa hapa tangu mzee afe. Sasa nakaa kwa kiti na nguo zangu mpaka asubuhi, nasikiliza. Sijui nasikiliza nini."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda.

"Sikupigii nikulaumu. Nataka kukuuliza swali. Nimeambiwa kuna mbwa wa kuuzwa kule Kongoni, mkali. Lakini wawili siwezi kuwalisha, na huyu ukimfukuza harudi kwa watu, anarudi kwa mlango. Wewe unampenda. Utamchukua?"

Kila mtu wa sehemu zile anajua mbwa asiye na kazi anaishia wapi. Kuna dawa inayochanganywa na nyama, na hakuna anayeizungumzia. Nilimwambia anipe siku hiyo.

Nilimpigia mwenye nyumba ya Kariandusi. Alikuwa mpole, lakini alinikumbusha kwamba paka wake ana ugonjwa wa moyo. Nilitazama nyumba nilizokuwa nimeahidi miezi ile iliyokuwa mbele: kwa mmoja mna watoto wa paka, kwa mwingine mna sungura. Maisha yangu yote niliyokuwa nikiyasifu kwa watu, kwamba siku yoyote naweza kuamka niende nitakako, hayakuwa na kona ya kumlaza mbwa mmoja. Mwishowe nikampigia mama.

"Mama, naweza leta mbwa hapo kwa muda?"

"Mbwa gani?"

"Mzuri tu. Hasumbui."

"Alale wapi? Kwa hii chumba? Wewe mwenyewe ukikuja unalala kwa kiti." Kisha akauliza, "Huyo mbwa hana kwao?"

"Ako na kwao."

"Sasa unamtolea nini?"

Nilikata simu. Nilikuwa na hasira naye kwa kuuliza, hasira ya mtu aliyeshikwa, kisha ikaniishia nikabaki na aibu peke yake. Nilimpigia Mwalimu nikamwambia siwezi kumchukua.

"Nilijua," akasema. "Basi njoo umrudishe."

Sikuelewa.

"Kila jioni anakaa getini anatazama barabara. Mimi nikimfungia mlango anajua wewe utakuja kumfungulia. Mkono niliokupa haujanirudia. Njoo uurudishe, halafu tutaona kama Kongoni nitaenda au siendi."

Nilimwomba jirani wa Kariandusi amwangalie paka, nikaenda Ndabibi. Njiani nilikuwa natamani mbwa awe amenisahau. Aliniona nikiwa bado mbali, akapita chini ya geti kwa kujiburura, akanijia mbio masikio yamelala, akajitupa miguuni kwangu akilia ile sauti ambayo Mwalimu alisema hana. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamkumbatia. Mwalimu alisimama ndani ya geti akitutazama, mikono amekunja.

"Mmalizane leo," akasema. "Kesho tuanze."

Jioni ya pili ilipofika na kondoo waliobaki wakaingia zizini, Mwalimu aliniambia nifunge mlango wa jikoni mimi mwenyewe, mbwa akiniona. Niliufunga. Alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaanza kukwaruza. Mwalimu aliwasha redio, akapakua chakula, akaniuliza kama mama bado anaumwa na magoti. Nilijibu sijui nini. Mkwaruzo ulikuwa unapanda na kushuka, halafu unanyamaza, halafu unaanza chini kabisa ya ubao, pale makucha yanapoweza kupenya. Machozi yalinitoka nikiwa natafuna.

"Usifungue," akasema Mwalimu, na akanisogezea maharagwe.

Asubuhi nilimkuta palepale. Akatingisha mkia, hana kinyongo chochote. Jioni iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine. Hakuwa anajifunza kwamba mlango umefungwa. Alikuwa anajifunza kungoja zaidi.

Ndipo Mwalimu alipotengeneza mandazi. Alikanda unga mapema, akaumua, akakaanga, jikoni pakanukia vizuri. Kisha akachukua mawili, akayapasua ubavuni na kuyajaza pilipili zile ndogo, zilizopondwa mpaka zikawa uji. Niliona, nikajua, nikasema, "Mwalimu, si boda anaweza kumpa? Yeye ndiye mgeni."

"Akipewa na boda atajifunza kumwogopa boda," akasema. "Nani alimwambia ale?"

Nilikumbuka vile mbwa alivyonitazama siku ile getini, kabla ya kuchukua chakula kwa mtu mwingine. Nikachukua mandazi.

Alikuwa kwenye veranda. Nilipiga mluzi, zile sauti mbili, akaja. Nilinyoosha mkono. Hakunusa. Mbwa wote hunusa, na huyu alifundishwa kunusa tangu mdogo, lakini kwangu alikuwa ameacha, alichukua na kumeza kama mtoto anavyochukua kwa mamake. Nilipata muda wa kutosha kuliondoa lile andazi mdomoni mwake. Niliuona ule muda ukipita.

Alikohoa. Akakohoa tena, akasugua mdomo kwenye sakafu, akakimbilia maji, akanywa, akarudi akasimama mbele yangu akitetemeka taya. Hakunikasirikia. Alinitazama mkononi, kisha usoni, kisha mkononi.

"La pili," akasema Mwalimu nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

Nilinyoosha la pili. Nilimwambia, "Kula." Alinusa. Alirudi hatua moja nyuma, akakaa chini mbali na mkono wangu, akageuza kichwa pembeni.

Mwalimu alitoka na sufuria nyeusi. Aliiweka chini mwenyewe bila kuita. Mbwa alienda, akanusa kwa muda mrefu, akamtazama Mwalimu, akala. Nami nilibaki nimesimama na andazi langu.

Jioni hiyo hakuna aliyekwaruza mlango. Tulikula bila redio. Baadaye kidogo Mwalimu alichungulia dirishani, akaniita kwa kidole. Mbwa alikuwa ameingia kibandani. Ndani yake Mwalimu alikuwa ametandika leso yake ya zamani ya kujifunga.

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nije alinishika bega. "Sasa enda upumzike. Mimi pia labda nitalala."

Nilienda kitandani nikalia vizuri. Sikuwa nalia kwa sababu mbwa ataishi. Nilikuwa nalia kwa sababu nilimfungulia mlango nikiwa naogopa upepo, na hakuna wakati wowote, tangu mwanzo mpaka ile pilipili, ambapo yeye ndiye aliyekosea.

Watu huniuliza kama bado nafanya kazi hii. Nafanya. Sijui nyingine. Lakini nikikabidhiwa nyumba sasa nauliza maswali mpaka wenyewe wanachoka: analala wapi, anakula kwa nani, mnataka awe nani nikiondoka. Mama anasema soja wa mapaka amepandishwa cheo.

Juzi nilikuwa na kazi Naivasha, nikaona nimpelekee Mwalimu majani ya chai na sukari. Nilimpigia nikiwa njiani. Nilishuka kwenye boda kule barabarani, nikatembea kuelekea getini, na kabla sijalifikia nilisikia.

Alikuwa upande wa pili wa geti, manyoya ya shingo yamesimama, meno yote nje, anabweka kwa kifua kizima. Alinibwekea mimi. Punda milia waliokuwa wakila majani pamoja na kondoo wa jirani waliinua vichwa. Nyuma yake zizini niliona wana-kondoo wapya.

Mwalimu alitoka akijifuta mikono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha. "Haiya, karibu! Unaona mambo yake? Hata chifu siku hizi anapiga simu kwanza." Alikuwa anacheka. "Ngoja nimfunge. Ama mwongeleshe, labda atakumbuka."

Akaingia ndani kidogo, akarudi na mfuko wa karatasi, akanipitishia juu ya geti. Ilikuwa sweta yangu ya kijani. Alikuwa ameifua kwa sabuni, akaianika, akaikunja, hata tundu la kiwiko alikuwa ameliziba kwa uzi wa rangi nyingine. Niliiinua puani. Haikuwa na harufu ya mtu yeyote.

Mbwa alikuwa bado anabweka. Mluzi ulikuwa tayari mdomoni mwangu, zile sauti mbili fupi, na nilijua, kwa jinsi alivyokuwa ameinua lile sikio lililokatika, kwamba angezitambua.

"Mfunge tu, Mwalimu," nikasema. "Nitangoja hapa nje."